Kabla ya kununua SSD ya nje, tazama kwanza tundu na waya

Harusi za mfungo mosi zilipoanza, dada mmoja anayepiga vidio upande wa wanawake aliniletea diski yake mpya mkononi na hasira usoni. "Kaka, hii nimeuziwa feki." Kwenye boksi imeandikwa MB 1,050 kwa sekunde. Yeye alikuwa na harusi moja tu ya kuhamisha, kesha na siku ya kutolewa nje, jumla GB 200 hivi, na ilimchukua saa moja na dakika ishirini na kitu. Pesa za kununulia diski hiyo alikuwa ameziweka kando kazi tatu nzima.

Nilipoipima, diski ilikuwa ya halali. Kilichokuwa si chake ni waya. Ule mfupi uliokuja ndani ya boksi ameuacha nyumbani, akachomeka waya wa kuchajia simu kwa sababu ncha zake zafanana. Nikamtolea waya wangu, tukaanza upya, na mzigo ule ule ukapita kwa dakika nane. Alifurahi, kisha akafanya hesabu kichwani na kunitazama. Dakika nane ni kama MB 400 kwa sekunde. "Na hiyo elfu moja iko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wauzaji wengi hawalijibu, na ndilo linalofanya watu wa huku kwetu walipie kasi ambayo kompyuta zao haziwezi kuipokea.

Chukua mfano wa Likoni. Ukiwa na gari la mbio namna gani kutoka Diani, ukifika kivukoni wasubiri feri kama mwenye tuktuk. Data nayo ina kivuko. Yatoka kwenye kompyuta, yapita kwenye tundu, yaingia kwenye waya, yafika kwenye chipu iliyo ndani ya kasha la diski, ndipo yaandikwe. Palipo pembamba kuliko pote ndipo panapoamua kasi ya safari nzima. Namba iliyo juu ya boksi ni kasi ya gari likiwa barabarani peke yake.

Tuanze na namba zenyewe, maana zimeandikwa kwa vipimo viwili tofauti na hapo ndipo watu wanapopotea. Tundu na waya hupimwa kwa gigabiti, diski hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane, lakini njiani kuna ada za usafiri, kwa hiyo mimi hugawa kwa kumi na sikosei sana. USB 2.0 ni megabiti 480, na kwa kweli yatoa MB 35 hadi 40 kwa sekunde. Ile ya gigabiti 5 yatoa kama MB 400 na kidogo. Ya gigabiti 10 hukaribia MB 1,000. Ya 20 hukaribia 2,000. Juu ya hapo kuna USB4 na Thunderbolt za gigabiti 40, ambazo diski zake nzuri hufika MB 3,000 na zaidi.

Hadi-diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, haivuki sana MB 120 au 140 hata ukiipa njia pana namna gani. Lakini ubaya wake mkubwa si huo. Ubaya ni kwamba kila unapotaka kipande kingine cha data, sindano ya ndani lazima isogee na sahani ifike mahali pake. Ukiwa wahariri vidio ya kamera tatu, sindano hukimbia huku na huku siku nzima. SSD haina kitu kinachotembea, yafikia kipande chochote papo hapo. Mtu akitoka hadi-diski kwenda SSD yoyote ya halali, hata ile ya polepole, ataona tofauti siku ya kwanza. Akitoka SSD ya MB 1,000 kwenda ya MB 2,000, huenda asione chochote.

Hebu tuhesabu. Kamera nyingi za harusi hupiga 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni MB 12.5 kwa sekunde, au GB 45 kwa saa. Kamera tatu zikicheza pamoja kwenye programu ya kuhariri ni MB 38 hivi. Hata SSD ya gigabiti 5 yabeba mzigo huo mara kumi. Kwa hiyo vidio ikikwamakwama wakati wa kuhariri na tayari unatumia SSD iliyochomekwa vizuri, tatizo kwa kawaida ni nguvu za kompyuta yenyewe. Kumlaumu diski ni kumwonea.

Na kuna jambo jingine ambalo yule dada hakulitarajia. Vidio zake hutoka kwenye kadi ya kamera. Kadi ya kawaida ya aina ya UHS-I pamoja na kisomeo chake hutoa kama MB 90 kwa sekunde. GB 200 kutoka kwenye kadi hiyo ni dakika 37, hata ukiziandika kwenye diski ya bei ghali kuliko zote duniani. Akitaka kupunguza muda ule wa usiku wa manane baada ya shughuli, pesa yake yafaa iende kwanza kwenye kadi na kisomeo cha UHS-II, na vyote viwili viwe hivyo. Kimoja peke yake hakisaidii.

Sasa tundu. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Ghuba kabla hazijafika Mombasa. Ni mashine nzuri, lakini kila moja ina matundu ya zama zake. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 ikiwa ya gigabiti 5. Baadaye wenye USB wakaibadilisha jina ikawa USB 3.1 Gen 1, kisha wakaibadilisha tena ikawa USB 3.2 Gen 1. Kitu ni kile kile. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuambia kwa kiapo kwamba diski ni ya "3.2" na akawa hasemi uongo, ilhali kasi yake ni ile ya 2008. Usisome jina, soma gigabiti. Ikiwa boksi halikuandika 5, 10, 20 au 40, rudisha.

Rangi ya bluu ndani ya tundu la mstatili kwa kawaida yaonyesha angalau gigabiti 5, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata ada hiyo. Tundu dogo la mviringo, yaani USB-C, halisemi chochote kuhusu kasi. Hilo ni umbo tu. Nyuma yake yaweza kuwa gigabiti 5, 10, 40, au hata USB 2.0. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo ni maarufu sana kwenye mtumba, ina matundu mawili ya USB-C yaliyokaa pamoja: moja ni la gigabiti 5 na jingine ni Thunderbolt 3 la gigabiti 40. Mtu anaweza kuitumia miaka mitatu akichomeka diski kwenye lile pole. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ina mawili ya USB4, na diski ya gigabiti 10 yatembea vizuri kwa yote mawili. Njia rahisi ni kuandika modeli ya laptopu yako kwenye Google pamoja na neno "ports" na kusoma ukurasa wa mtengenezaji. Laptopu ya yule dada ilikuwa na matundu ya gigabiti 5 tu. Hapo ndipo elfu moja yake ilipopotelea.

Hizi za gigabiti 20, zinazoitwa Gen 2x2, ndizo ningewatahadharisha nazo zaidi. Boksi huandikwa MB 2,000 kwa herufi kubwa. Lakini matundu yanayoikubali njia hiyo ni machache, na kompyuta nyingi za Apple hazina, hata zile zenye Thunderbolt ya gigabiti 40. Ukiichomeka hapo yashuka hadi gigabiti 10, na umelipia nusu usiyoiona. Kama huna uhakika kwamba tundu lako ni la 20, nunua ya 10 na ubaki na chenji.

Waya nao usiudharau. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na simu ni za kuchajia, na ndani yake njia ya data ni ya USB 2.0. Hata waya uliomo kwenye boksi la iPhone 15 Pro ni hivyo, ingawa tundu la simu hiyo lenyewe ni la gigabiti 10. Simu hiyo inaweza kurekodi ProRes moja kwa moja kwenye SSD ya nje, na Apple wameweka sharti kwamba diski iandike angalau MB 220 kwa sekunde. Mtu akitumia waya wa boksini hafiki hata robo. Huwezi kuujua waya kwa macho kila mara, lakini ule wa data huwa mfupi na mnene kidogo, na ulio mzuri huandikwa kasi yake kwenye kichwa. Jaribio ni jepesi: nakili faili moja kubwa, tazama namba inayoonyeshwa. Ikiganda kwenye 40, waya ni wa kuchaji au tundu ni la zamani.

Tuingie ndani ya diski yenyewe. Wengi hawajui kwamba SSD huwa na kisehemu cha mapokezi chenye kasi, na nyuma yake ghala kubwa la pole. Data ikiingia hupokelewa mbio, kisha hupangwa ghalani polepole. Kwa mtu anayehamisha picha na hati hatajua kamwe. Lakini ukimwaga GB 200 kwa mkupuo, mapokezi hujaa na kasi huanguka. Kwenye diski ambazo kila seli ya kumbukumbu hubeba biti nne, ziitwazo QLC, kuanguka huko kunaweza kuwa kwa kushtusha, hadi chini kabisa ya ile hadi-diski. Zenye biti tatu, TLC, hustahimili zaidi. Samsung T7, kwa mfano, ni ya TLC na ya gigabiti 10. Boksi mara nyingi halikwambii, kwa hiyo tafuta majaribio ya watu waliojaza diski nzima, usitosheke na waliopima sekunde kumi za mwanzo. Na usiijaze hadi mdomoni. Mapokezi hayo hupungua diski inapojaa, basi acha angalau sehemu moja kwa kumi iwe tupu.

Kuhusu feki, zipo, na hazifanani na alivyodhani yule dada. Feki ya kweli ni ile SSD ndogo ya TB 16 au 30 inayouzwa mtandaoni kwa bei ya sinia la biriani la watu wanne. Ndani huwa na kadi ndogo ya memori iliyogundishwa kwenye kibao cha USB 2.0, na programu iliyochezewa ili kompyuta isome ukubwa wa uongo. Utaandika, itakubali, majina ya faili utayaona. Siku ya kufungua ndipo utakuta hamna kitu. Diski za mfukoni za kampuni zinazojulikana zenye TB 8 tayari ni ghali mno, kwa hiyo TB 16 ya bei ya flashi haipo. Ukinunua diski yoyote, kabla hujaitia kazi ya mtu, ijaze na uisome tena kwa programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Huchukua saa kadhaa. Fanya usiku ulale.

Wenye mkono wa ufundi wanaweza kununua SSD ya ndani ya aina ya NVMe na kasha tupu la USB la gigabiti 10, wakaviunganisha wenyewe kwa bisibisi. Mara nyingi hutoka rahisi, na kasha likifa unatoa diski na kuitia kwenye jingine. Angalia tu usichanganye: NVMe huwa na mkato mmoja kwenye meno yake, na ile ya SATA yenye umbo hilo hilo kwa kawaida huwa na miwili, na kasi yake haipiti MB 550 hivi. Kasha liwe la aluminiamu, si plastiki, kwa sababu ya joto.

Na joto ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko mtu wa Limuru. SSD ikipata moto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Diski nyingi za kawaida zimewekewa kikomo cha nyuzi 60 wakati wa kazi, na gari lililoegeshwa juani na vioo vikiwa juu hufika karibu na hapo bila diski hata kufanya kazi. Usiihariri ukiwa umeilaza juu ya kitanda au chini ya laptopu. Iweke juu ya meza, feni ikiipuliza.

Jambo ambalo wachache wanalijua ni kwamba SSD isiyopewa umeme husahau. Haisahau kwa mwezi, lakini kipimo kinachofuatwa na viwanda kwa diski za watu wa kawaida ni kwamba ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa umri wake, ihifadhi data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Mpya hukaa zaidi sana, lakini joto hufupisha muda huo, na chumba cha juu cha bati huko Majengo hupita nyuzi 30 bila kujitahidi. Kwa hiyo zile kaseti za marehemu bibi mlizozihamisha, sauti za wazee, picha za Maulidi za Lamu za miaka ya sabini, zisikae kwenye SSD moja iliyofungiwa kabatini. Ziwe pia kwenye hadi-diski ya kawaida, ambayo kwa kazi ya kulala na kungoja ni rahisi na yafaa, na zote zichomekwe mara mbili kwa mwaka. Chumvi ya hewani nayo hula meno ya matundu. Pakiti ndogo zile za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu, msizitupe.

Hata jina kubwa si kinga. Mwaka 2023 Western Digital, waliokuwa wakimiliki SanDisk wakati huo, walilazimika kutoa marekebisho ya programu ya ndani kwa baadhi ya SSD zao za mfukoni baada ya wateja kulalamika kwamba diski zilijitoa zenyewe na data kupotea. Harusi hairudiwi. Bibi harusi huyo huyo hawezi kutolewa nje mara ya pili kwa sababu mpiga vidio ana diski moja.

Lakini kwa kazi ya upande wa wanawake, kupotea kwa data si jambo baya kuliko yote. Baya zaidi ni diski kuokotwa. Ndani yake kuna mama za watu, dada za watu, wamevua mabuibui wakiamini kwamba chumbani ni wao kwa wao. Diski ya ukubwa wa kiberiti huanguka kwenye matatu bila kusikika. Kwa hiyo ninapomshauri mtu wa kazi hii, swali la kufuli latangulia swali la kasi. Baadhi ya SSD, T7 ikiwemo, zina usimbaji wa ndani wa AES biti 256 na hufunguliwa kwa neno la siri. Isiyo nayo inaweza kufungwa kwa BitLocker kwenye Windows ya Pro, au kwa kuiumbiza upya kwa mfumo wenye neno la siri kwenye Mac. Bila neno hilo, aliyeiokota ameokota kipande cha chuma. Nawe ukilisahau, hakuna fundi Mombasa atakayekufungulia, mimi nikiwa wa kwanza. Na ukitaka kuiuza, kuifuta kwa haraka hakutoshi; vitu vyafufuliwa. Ifunge kwa siri kwanza tangu siku ya kuinunua, hapo hata mabaki yake hayasomeki.

Mfumo wa kuhifadhia pia huwasumbua watu. Mac husoma NTFS ya Windows lakini haiandiki. FAT32 ya zamani haikubali faili inayozidi GB 4. Ukiwa wahamisha kati ya Mac na Windows, exFAT ndiyo njia, ila ni dhaifu ukichomoa ghafla au stima ikipotea kompyuta ya mezani ikiwa bado yaandika. Bonyeza "eject", subiri, ndipo uchomoe. Sekunde tano hizo zimeokoa kazi nyingi.

Yule dada alikuwa amekuja akitaka kuibadilisha diski kwa ya MB 2,000. Tulipomaliza hesabu alibaki na ile ile, kwa sababu itamtosha hadi atakapobadilisha laptopu. Pesa alizotaka kuongeza amenunulia kisomeo na kadi mbili za UHS-II, na hadi-diski ya TB 2 ambayo hukaa kwa mamake Kisauni na huchomekwa kila Ijumaa baada ya swala. Zote mbili amezitia neno la siri, ameliandika kwenye karatasi na kuliweka pamoja na hati za nyumba. Ule waya mfupi ameufunga kwenye diski kwa uzi mwekundu, na watoto wa nyumbani wameambiwa wasiuguse hata simu ikibaki asilimia moja.